Mchanga Mtupu

“Hivi Mama Damas, hiyo pete yako ni dhahabu kweli, au ni ya kuzugia tu?”

Jirani yangu Ruthu aliniuliza hivyo miaka mingi iliyopita, tumekaa kibarazani kwangu huko Zuzu tunachambua mlenda. Labda hakuwa na ubaya. Lakini mimi nilisikia wivu tu, maana mume wake hakuwahi kumvalisha hata uzi. Nikamjibu, “Kamuulize aliyenivalisha,” na aliyenivalisha alikuwa ameshalala makaburini. Ruthu akabeba ungo wake akaenda kwao. Miezi mitatu hatukuombana hata chumvi.

Aliyenivalisha ni Mazengo, mume wangu, kibarua wa njia ya reli. Alinivalisha mbele ya kanisa zima mwaka tisini na mbili. Aliniambia ameinunua Tabora, ameuza dume la ng'ombe na mbuzi wawili. “Ikipauka,” alisema, “isugue kwa majivu, itarudi.” Basi kila Jumamosi jioni niliisugua kwa majivu, na kila Jumapili iling'aa nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Alipofariki sikuwa na shamba la maana wala ng'ombe. Nilikuwa na Damas, mwanangu, na ile pete.

Baada ya msiba nilipata kazi ya usafi katika maabara ya kupima udongo na mawe, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wasomi wanachimba udongo mikoani, wanautia kwenye mifuko yenye namba, wanauleta kwetu. Unakaushwa, unapondwa, unasagwa, halafu unaenda chumba cha pili kwenye tanuri, na huko ndiko wanakojua una nini ndani yake. Mimi nimeishia darasa la saba. Siku moja Mzee Batholomeo, msimamizi wa chumba cha kusagia, alinikuta nimeacha ufagio nimechota unga wa jiwe kwenye beseni lao, nausugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

“Unafanya nini, mama?”

“Huu bado, mzee. Una punje.”

Akaupitisha kwenye chekeche lake la wasomi. Kweli ulikuwa na punje. Kesho yake akanipokonya ufagio akanipa aproni.

Hakuna ajabu yoyote hapo. Mwanamke wa Kigogo aliyesaga uwele juu ya jiwe tangu utoto anaujua unga kwa vidole. Lakini pale maabara ilikuwa ajabu, na kwa miaka kumi na moja unga haukutoka chumba kile bila mimi kuusugua kwanza na kusema, “Umeiva.” Nausugua mkono mtupu. Glovu haisikii kitu.

Mlangoni pale kuna maandishi makubwa mekundu: VUA PETE, HERENI NA MKUFU. Mzee Batholomeo alinieleza siku ya kwanza. Dhahabu ni laini, ukiigusisha kwenye unga wa mawe inalika. Chembe usiyoweza kuiona inatosha kuupa udongo wa kawaida utajiri ambao haunao. Basi kila asubuhi nilivua pete yangu, nikaitia kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kilichokwisha, kikopo nikakifungia kwenye mkoba pamoja na Biblia. Jioni naivaa tena. Miaka kumi na moja sikukosa hata siku moja.

Mwaka jana Mzee Batholomeo alitangaza kwamba anastaafu mwisho wa Septemba. Hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yake. Siku za Jumamosi alikuwa ameshaanza kuniachia ule mshipi wake wa funguo, funguo saba kwenye kamba ya ngozi. Nilikuwa nikizunguka nazo kiunoni, na zikilia niliona kama vile zinaniita jina langu. Sikuitaka nafasi ile kwa ajili ya kitu kingine chochote. Nilitaka kuandikwa mlangoni: Dorothea Mazengo, Msimamizi.

Ndipo Aneth akaja.

Aliletwa mwezi wa Juni na Daktari Castory, mkuu wetu, msomi wa kemia ya ardhi. Msichana wa miaka ishirini na minne, ana cheti cha chuo, ana meno meupe, na anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Daktari alisema, “Mama Damas, huyu ni wako. Mfundishe.”

“Shikamoo mama,” akasema Aneth, akapiga goti kidogo.

“Marahaba.”

Nikamfundisha. Nilimfundisha kupuliza beseni kwa hewa ya kompresa, nikamfundisha kusaga mchanga mweupe katikati ya mfuko na mfuko ili kusafisha mashine. Na nilimfundisha kuusikia unga. Wiki ya kwanza alikosea, wiki ya pili alikosea kidogo, wiki ya tatu akasema “Umeiva, mama” kabla yangu, na ulikuwa umeiva. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake kwa mgeni, halafu akakuta mgeni amekalia kiti chake.

Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi kila siku, na wa kwanza kumiminiwa nilikuwa mimi. Chai yake ilikuwa tamu. Hilo nalo liliniuma.

Kufika Julai, Daktari alikuwa akimwita chumba cha tanuri. Mimi miaka kumi na moja sikuwahi kuitwa huko ila kupiga deki. Aneth akirudi huko ananisimulia, macho yanamtoka: “Mama, wanachanganya ule unga wetu na unga wa madini ya risasi, wanauyeyusha, risasi inakusanya dhahabu yote kama kuku anavyokusanya vifaranga. Halafu wanaichoma risasi inaondoka, kinabaki kitone, mama, kidogo kuliko jicho la sisimizi!”

“Aha,” nilisema. “Chukua mfuko unaofuata.”

Mwisho wa Agosti alivishwa pete ya uchumba na kijana mmoja anaitwa Lameck, karani wa ofisi za serikali. Jumatatu yake alikuja nayo kazini. Kabla ya kazi kuanza, ile pete ilizunguka maabara nzima. Mwenzetu wa mizani aliishika, mlinzi aliishika, Mzee Batholomeo alivaa miwani akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. “Hii ni mali,” akasema. Hata Daktari aliigeuza-geuza akacheka, “Hii tukiisaga tunafungua mgodi!” Watu wakacheka.

Mimi nilisimama pale na kikopo changu mkononi. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kuniambia, Mama Damas, hebu niione yako.

Siku ile Aneth aliivua akaitia mfukoni. Kesho yake, Jumanne tarehe tatu Septemba, tulikuwa tunasaga mifuko ya udongo wa Mlali, kule Kongwa. Mifuko mia mbili na arobaini. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inasubiriwa na watu wote, kwa sababu kuna mwekezaji aliyekuwa tayari kuleta mitambo akisikia tu kwamba Mlali kuna kitu. Saa nne hivi nikageuka kuchukua brashi, nikamwona Aneth ameinama juu ya beseni, anausugua unga kwa mkono wake wa kushoto. Na pete iko kidoleni, imepakaa unga.

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi wangu kwamba nilifungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari. Akachota unga wa Aneth, akaupima kwa vidole kama sisi, akatikisa kichwa kwa furaha. “Aneth, huu ni mlaini kuliko wa mwalimu wako. Eh, Mama Damas? Tumezeeka sisi!”

“Tumezeeka, Daktari,” nikasema.

Nikafunga mdomo.

Mimi nina daftari. Mzee Batholomeo alitufundisha kwamba kitu chochote kisicho cha kawaida uandike siku yake na namba ya mfuko: umeme umekatika, mfuko umepasuka, mashine imetoa moshi. Siku ile niliandika: *Tarehe 3 Jumanne. Mlali 41 mpaka 66. Aneth ana pete mkononi.* Nikajiambia kwamba nimeshaandika, basi sijaficha. Mtu akija kuuliza, ipo.

Jumatano aliivaa tena. Nikaandika. Alhamisi aliivua, Ijumaa aliivua. Jumatatu ya tisa ilikuwa joto, kidole kilivimba ikagoma kutoka. Nilimwona anaivuta, akatazama huku na huku, akaghairi. Nikaandika. Jumanne ya kumi tena. Kila nilipoandika nilisikia utulivu fulani, kama mtu anayeweka kuni juu ya dari akijua masika yatakuja.

Siku moja aliniuliza, “Mama, mbona unanitazama hivyo? Nimekosea?”

“Hapana, mwanangu. Endelea.”

Jumapili kanisani nilisali sana. Nilimwombea mama mchungaji aliyelazwa, nikamwombea Damas wangu aliyeko Chamwino, nikaombea mvua. Habari ya Aneth niliiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani. Nikainuka kutoka magotini nikiwa mwepesi, nikaimba.

Tarehe kumi na tatu majibu ya kwanza yakatoka chumba cha tanuri. Daktari alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam tangu tarehe kumi, lakini Bwana Ebenezer alikuwepo. Huyu Ebenezer kazi yake ni kupiga hesabu za hatari. Migodi inakunywa dizeli kama ng'ombe kiangazi, kwa hiyo swali lake la kwanza si kama dhahabu ipo, ni kama bei ya mafuta ya dunia ikipanda, kuichimba kutakuwa na faida au hasara. Kila asubuhi anaulizia bei ya pipa la mafuta kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Siku ile alitoka mbio ofisini, tai imemning'inia begani.

“Jamani! Mlali ina dhahabu! Hata mafuta yakipanda mara mbili, mara mbili nasema, bado tunapona!”

Akampigia Daktari simu, Daktari akatupongeza kwenye spika. Akampigia mwenyekiti wa kijiji kule Mlali, na hapo akapiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mchana akaagiza pilau na soda kwa watu wote.

“Aliyesaga mifuko mingi ni nani?” akauliza.

“Aneth,” akasema wa mizani.

“Basi huyu ana mkono wa bahati! Mkono wa kushoto lakini wa bahati! Aneth, mwanamke wa dhahabu!”

Wakampigia makofi. Aneth akafunika uso kwa viganja, na pete ikamulika. Alipotoa viganja akaja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia. “Mimi nimefundishwa na huyu,” akawaambia.

Nilikula lile pilau. Lilikuwa na nyama nyingi. Nilikula nikijua wao hawajui wanachosherehekea, na utamu wa kujua peke yangu ulizidi wa nyama. Nalisema hivi ili lisemwe.

Ijumaa tarehe ishirini Daktari alirudi. Hakutusalimia. Aliingia chumba cha kusagia na karatasi mbili mkononi, Ebenezer nyuma yake, akamwambia Mzee Batholomeo azime mashine. Ilipozimika nikasikia upepo unavyokwaruza bati.

“Mchanga mtupu una dhahabu,” akasema.

Mzee Batholomeo akakaa chini kwenye ndoo.

Mchanga mtupu ni hivi. Katika mifuko inayokuja, Daktari huchomeka michache ambayo haina udongo wa Mlali wala wa popote. Ni mchanga aliohakikisha hauna kitu, ila kwa macho unafanana na udongo mwingine. Unapewa namba kama mifuko mingine, na sisi tunaosaga hatujui ipi ni ipi. Orodha anayo yeye tu, na safari ile alisafiri nayo kwenye begi. Mchanga mtupu unatakiwa urudi mtupu. Ukirudi na dhahabu, dhahabu haikutoka ardhini. Imetoka chumbani.

“Si mifuko yote,” Daktari akasema. “Mingine imerudi mitupu kama ilivyoenda. Mitatu imerudi na dhahabu. Nani ameingia humu na dhahabu?”

Nilitazama ukutani. Nilitaka aseme mwenyewe.

“Mimi nina pete, Daktari,” Aneth akasema. Sauti ilikuwa ndogo. “Naivua. Lakini… kuna siku ilikataa kutoka. Na kuna siku nilisahau.”

“Ulikuwa na glovu?”

“Unga hausikiki kwa glovu, Daktari. Ndivyo tunavyofanya. Nausugua mkono mtupu.”

“Mkono upi?”

Akainua wa kushoto. Nao ulikuwa na pete, hata wakati ule.

“Ndivyo tunavyofanya, tunafanya nani?” Ebenezer akauliza. Jasho lilikuwa linamtoka. Nadhani alikuwa anamfikiria mwenyekiti wa Mlali. “Nani mwingine anasugua mkono mtupu?”

“Mama Damas,” akasema Mzee Batholomeo taratibu. “Lakini huyu mama anavua. Mimi nakiona kikopo chake kila asubuhi.”

“Ana pete na yeye?”

“Ana pete.”

“Basi zisomwe zote mbili,” Daktari akasema. “Nisionee mtu. Dhahabu ya kwenye mchanga ina madini ya fedha mengi ndani yake, nimeshaisoma. Tuone inafanana na ipi.”

Nilikwenda mwenyewe kwenye mkoba wangu, nikafungua kikopo. Nilikwenda nimenyoosha mgongo. Moyoni nilifurahi, kwa sababu hatimaye pete yangu ingeshikwa na watu wote, na ingekutwa safi, haina hatia, dhahabu ya mwanamke aliyeifuata sheria miaka kumi na moja.

Daktari akatandika karatasi nyeupe juu ya meza. Pete ya Aneth aliitoa kwa sabuni na machozi, akaiweka. Nikaiweka yangu pembeni yake. Kisha Daktari akaleta kile chombo tunachokiita bunduki. Unakielekeza kwenye chuma, kinapiga mionzi isiyoonekana, na kila madini hujibu kwa namna yake, kama kengele na debe ukizigonga. Kioo kidogo nyuma yake kinaandika majina.

Akapiga ya Aneth. Akasoma kwa sauti, “Dhahabu asilimia hamsini na nane. Fedha thelathini. Shaba kidogo.” Akatazama karatasi yake. “Ndiyo hii.”

Aneth akashika mdomo.

Daktari akageukia yangu. Akapiga. Akatazama kioo. Akapiga tena, akaipangusa pete kwa kitambaa, akapiga mara ya tatu.

“Mama Damas wewe huna kosa,” akasema, na hakuniangalia.

“Isome, Daktari.”

“Haina haja, mama. Huna kosa.”

“Isome kama ulivyoisoma ya mwenzangu.”

Akakohoa. “Shaba sitini na nne. Zinki thelathini na tano.”

“Na dhahabu?”

“Hakuna.”

Ebenezer hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulitangulia akili yake. “Aa, kumbe ni kama koki ya bomba tu,” akasema, kisha akajiuma.

Nilisikia majivu. Sijui niseme vipi. Nilisikia majivu vidoleni, ya Jumamosi zote zile, jioni baada ya jioni, nasugua, na Ruthu anachambua mlenda pembeni yangu ananiuliza swali la kawaida, nami namfukuza. Niliwaza lile dume la ng'ombe. Niliwaza kama liliuzwa kweli, na kama liliuzwa, lilikwenda kwa nani.

Ndipo mkono ukanishika begani. Mkono wa kushoto. Aneth alikuwa bado analia, lakini alikuwa ameacha kujililia mwenyewe.

“Pole, mama,” akaninong'oneza. “Pole sana, mama yangu.”

Angenitukana ningevumilia. Angecheka ningemsamehe. Lakini kunionea huruma, yeye, mwenye hatia, mwenye dhahabu asilimia hamsini na nane! Nikauondoa mkono wake begani kama mtu anavyoondoa mdudu. Nikaingiza wangu mfukoni mwa aproni, nikatoa daftari, nikalipiga mezani karibu na zile pete.

“Anasema kuna siku alisahau,” nikasema. “Asikudanganye, Daktari. Soma mwenyewe. Ni siku nne, na namba za mifuko zimo.”

Daktari akafungua. Akasoma kimoyomoyo, kidole kinateremka kwenye mistari, akilinganisha na orodha yake. “Tarehe tatu, arobaini na moja mpaka sitini na sita. Mchanga mtupu ulikuwa hamsini na tano. Sawa. Tarehe nne… sawa. Tarehe tisa… sawa.” Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama. “Hii ni kazi nzuri sana, mama. Ningeshindwa kuzitenga hizi. Sasa najua mifuko ya kurudia.”

“Ndiyo, Daktari.”

“Uliandika siku hiyo hiyo?”

“Siku hiyo hiyo. Mimi naona kila kitu humu ndani.”

“Tarehe tatu.” Alisema polepole. “Leo ni ishirini. Tarehe tatu ulipomwona, ulimwambia nini?”

Nilisikia upepo tena kwenye bati.

“Mama Damas. Ulimwambia nini?”

“Maandishi yapo mlangoni. Kila mtu ana macho.”

“Tarehe nne ulimwambia? Tarehe tisa?”

“Mimi si mama yake,” nikasema.

Ebenezer akavua miwani. “Na lile pilau,” akasema, bila kumwambia mtu yeyote. “Mimi nimempigia mwenyekiti simu. Wamechinja kule Mlali. Wamechinja, na wewe ulikuwa umekaa pale unakula.”

Mzee Batholomeo aliinuka kutoka kwenye ndoo. Ilikuwa Ijumaa, na kwa kawaida Ijumaa mchana ndipo alipokuwa akinikabidhi funguo za Jumamosi. Alikuwa ameshazifungua kiunoni, alikuwa nazo mkononi muda wote ule, nami sikuziona mpaka zilipolia. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga mwenyewe ikiwa na ufa. Kisha akaufunga ule mshipi kiunoni kwake, taratibu, akavuta na fundo likakaza.

“Mzee,” nikasema.

“Nilikuwa nimeshakuandika, Dorothea,” akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. “Tangu mwezi wa saba nilikuandika wewe. Huyu binti anakwenda tanuri, hakuitaka nafasi hii hata dakika moja.”

Nikamgeukia Aneth. Sijui nilitaka kusema nini. Labda nilitaka kusema kwamba alipaswa kuvua mwenyewe, na hilo ni kweli hata leo. Labda nilitaka kumuuliza mbona hakuniambia habari ya tanuri, nikakumbuka kwamba aliniambia, aliniambia kila siku, macho yanamtoka, nami nikasema aha, chukua mfuko unaofuata.

Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananitazama kama unavyotazama unga kabla ya kuusugua, hujui bado kama una punje. Akavua aproni, akaikung'uta mara mbili, akaikunja vizuri kama nilivyomfundisha. Akaja mezani. Akachukua pete yake kwenye karatasi nyeupe, hakuivaa, akaifumbata. Kisha kwa kidole kimoja cha ule mkono wake wa kushoto akaisukuma yangu, polepole, ikateleza juu ya karatasi mpaka ikanifikia mbele yangu, ikasimama.

Nilingoja aseme neno. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

Akapita kando yangu, akafungua mlango, akatoka.